Siku tano katika vichochoro vya Guangzhou

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh, Guangzhou, mji wa kusini mwa China, ni mzigo. Ni jengo la Tianxiu pale Xiaobei, mikoba ya Sanyuanli, nguo za Shisanhang, vichezeo vya Yide Lu, halafu wakala wa kontena. Lakini ukishalipa malipo ya mwanzo kiwandani huambiwa usubiri, na siku za kusubiri wengi huzimalizia hotelini. Safari hii ni kwa ajili ya siku hizo. Ni ya miguu, ndani ya makazi ya zamani ambayo minara ya vioo imeyazunguka pande zote. Mwisho wake unapaswa uweze kusimama kwenye mdomo wa kichochoro chochote na kujua kama kinaishi, kimekufa, au kimepambwa tu.

Kabla ya kuanza

Msimu mzuri ni kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba. Wiki ya kwanza ya Oktoba iache, maana ni likizo ya taifa na vichochoro vinavyojulikana hufurika. Kati ya Februari na Aprili huja hali ambayo wenyeji huiita huinantian. Hewa ya joto na unyevu kutoka bahari ya kusini hukutana na kuta na sakafu zilizopoa wakati wa baridi, na maji hujitokeza yenyewe juu ya mawe. Graniti ya kichochoro hapo huteleza kama imepakwa sabuni. Aprili hadi Juni ni mvua kubwa. Julai hadi Septemba ni joto kali na vimbunga. Maonyesho makubwa ya biashara ya Aprili na Oktoba nayo hupandisha bei za hoteli, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Chukua viatu vya soli laini ya mpira, pasipoti yenyewe na si kivuli chake, mwavuli, tishu, na tepu ya kupimia ya mita 5 kama ya fundi. Tishu ni kwa ajili ya vyoo vya umma. Nyumba nyingi za zamani hazikujengewa vyoo, hivyo vyoo vya umma viko kila baada ya vichochoro vichache, ila karatasi mara nyingi haipo. Tepu utaiona faida yake siku ya kwanza.

Kuhusu ramani, tumia Gaode au Baidu. China huchora ramani zake kwa mfumo wa vipimo uliosogezwa makusudi, na programu ya nje isiyofuata mfumo huo inaweza kukuweka mamia ya mita kutoka ulipo. Kwenye barabara kuu kosa hilo linavumilika, lakini kwenye kichochoro cha mita 2 utakuwa umehamishiwa mtaa mwingine kabisa. Hata ramani sahihi huyumba humu ndani, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hudundadunda kwenye kuta zilizokaribiana. Dawa yake ni ndogo: kila unapoingia kichochoro, piga picha kibao cha jina lake na namba ya nyumba ya kwanza. Ukipotea, zionyeshe picha hizo kwa mtu yeyote.

Malipo ya simu, Alipay na WeChat, yanakubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Unganisha kadi ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa benki yako huenda ikatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya nyumbani. Bado weka mfukoni noti za yuan 5 na 10 kwa wazee wanaouza mlangoni.

Majina ya njia yana mantiki yake. Lu ni barabara ya magari, na nyingi za katikati ya mji zilikatwa baada ya 1918, pale ukuta wa mji ulipoanza kubomolewa. Jie ni mtaa, xiang ni kichochoro. Usishangae njia ya hatua tatu kuitwa Dajie, yaani mtaa mkubwa: ilipewa jina hilo kabla hazijaja barabara za magari, na kwa enzi yake ilikuwa kubwa kweli.

Siku ya 1: Xiguan, kusoma mlango

Anza saa 1 asubuhi katika kituo cha Changshou Lu, laini ya 1 ya treni ya chini ya ardhi. Usianze Jumatatu, kwa sababu makumbusho mengi hufungwa siku hiyo. Elekea magharibi, ukiingia na kutoka kwenye vichochoro vilivyo kati ya Baohua Lu, Duobao Lu na Fengyuan Lu. Hili ni eneo la Xiguan, nje ya lango la magharibi la mji wa kale, ambako matajiri wa biashara ya ng'ambo walijenga enzi ya nasaba ya Qing.

Simama mbele ya mlango wa kwanza wa zamani utakaoukuta na usiondoke kwa dakika kumi. Mlango wa Xiguan ni milango mitatu. Wa nje ni mfupi, wa mbao nyepesi, unafika kifuani au usoni, kazi yake kuzuia macho ya wapita njia. Wa pili unaitwa tanglong: fremu ya miti ya mviringo iliyolazwa, inayosukumwa kando kwenye reli yake. Wa tatu ni ubao mzito wa majani mawili, unene wake hukaribia sentimita 8, nao huzunguka kwenye vishimo vilivyochongwa katika jiwe la kizingiti badala ya bawaba. Mchana mlango mzito hubaki wazi na tanglong hufungwa. Upepo unaingia, mwizi haingii, na mama wa nyumba anaona nani yuko nje kabla hajaonwa. Mtu wa pwani ataikumbuka daka, ile nafasi ya kati ambamo mgeni hayuko nje wala hajaingia ndani. Hapa kazi hiyo inafanywa na fito.

Hesabu fito za tanglong. Utapata namba isiyogawanyika kwa mbili, mara nyingi 11 au 13, maana namba shufwa hapa haina bahati. Ukipata shufwa, mlango umerekebishwa na mtu asiyejali. Fito za asili ni za mti mgumu unaoitwa kundian, jina la Kichina la bandari ya Pontianak huko Borneo ambako mbao hizo zilipakiwa. Mti wenyewe hauozi upesi. Kinachoharibika ni reli ya chini. Mchanga na majani hujaa, fito hukwama, watu hulazimisha, na kiungo cha fremu hupasuka. Ndipo mwenye nyumba huweka mabomba ya chuma cha pua. Si mazuri kama mbao, lakini yanakuambia kwamba mle ndani bado kuna mtu anayefungua na kufunga kila siku.

Sasa angalia ukuta. Chini kuna mabamba ya graniti, juu yake matofali ya rangi ya kijivu yenye kuelekea buluu. Rangi hiyo ni kazi ya tanuri: mwishoni mwa kuchoma, hewa huzibwa na maji hutiwa, chuma kilichomo kwenye udongo kinakosa oksijeni na tofali halipati wekundu. Matofali ya nyumba za kitajiri yalisuguliwa kwa maji mpaka yakalingana, na kiungo kati ya tofali na tofali ni chembamba hata ukucha hauingii. Siku hizi kuna kuta nyingi zilizobandikwa vigae vya kijivu vinavyoiga kazi hiyo. Kuvitambua, nenda kwenye kona ya nyumba. Tofali la kweli linageuka na kona na kuonyesha upande wake mfupi. Kigae kinaonyesha unene wa sentimita moja na mstari wa saruji nyuma yake.

Kisha hesabu mita za umeme kando ya mlango, ambazo ndizo historia fupi kuliko zote. Nyumba zilizojengewa ukoo mmoja mmoja, nyingi ziligawiwa familia kadhaa baada ya Wakomunisti kushika nchi 1949. Mita sita maana yake ni majiko sita, na mara nyingi ukumbi uliokatwa kwa mbao. Mita zikiwa zimeng'olewa na nyaya kukatwa, nyumba imehamwa.

Toa tepu. Pima upana wa nyumba ndogo zilizopangana, zile zinazoitwa zhutongwu, nyumba za mwanzi. Utapata karibu mita 4, huku urefu wa kwenda ndani ukifika mita 12 hadi 20, vyumba vikifuatana kama pingili. Mji Mkongwe na Lamu upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Guangzhou ni vivyo hivyo, ila mti unaolazwa kutoka ukuta hadi ukuta ni wa aina inayofanana na msonobari, na kwa mti wa kawaida mita 4 ndio mwisho wake kabla haujaanza kupinda. Kwa hiyo nyumba ikitaka kukua, haina budi kwenda nyuma. Mwanga hupatikana kwa kuacha uwazi juu ya ua mdogo katikati.

Pembeni ya nyumba kubwa kuna ujia mwembamba kuliko yote, pengine mita 1 na nusu tu. Huo ni ujia baridi, lengxiang. Kuta ndefu huuzuilia jua, hewa yake hubaki nzito na baridi, nayo huvutwa ndani kupitia milango ya pembeni huku hewa ya joto ikipanda na kutoka kwenye uwazi wa ua. Ingia humo saa 8 mchana utokee barabarani; tofauti utaisikia mwilini bila kipimo. Wapangaji wa mji waliopanua njia kama hizi kwa jina la maendeleo waliondoa kiyoyozi kisichotumia umeme.

Adabu: tanglong iliyofungwa ni ukuta. Usipige picha ndani kupitia fito. Kwa bibi sema Apo, kwa babu Abaak. Asubuhi salimu "jousan", na ukipishwa njia sema "mgoi". Wazee wengi hapa ni wa Kikantoni kwanza, na neno moja la lugha yao hufungua mazungumzo ambayo Kimandarini hakifungui. Mlangoni chini utaona kibao chekundu kidogo chenye vijiti vya ubani, ni pahala pa mungu wa ardhi wa nyumba ile. Usiweke mguu wala begi hapo.

Malizia Fengyuan Beijie, namba 84, makumbusho ya Liwan. Ni jumba la zamani la familia tajiri, na jirani yake kuna nyumba ya Xiguan iliyopangwa vyombo vyake, na unaruhusiwa kuingia. Tazama madirisha ya vioo vya rangi kutokea ndani, jua likiwa nje. Kwa nje hayasemi kitu.

Chakula cha eneo hili kina nguruwe hata pasipoonekana, kwenye mchuzi na kwenye mafuta. Muislamu atafute maandishi 清真, mara nyingi kwenye kibao cha kijani, na maduka ya tambi za Lanzhou, ambayo kwa kawaida ni ya Waislamu, yapo karibu kila mtaa. Kitamu cha hapahapa ni shuangpinai. Maziwa ya nyati huchemshwa na kuachwa yagande utando, humwagwa taratibu utando ukabaki bakulini, huchanganywa na ute wa yai na sukari, hurudishwa chini ya utando wake, kisha hupikwa kwa mvuke.

Siku ya 2: Enning Lu, Yongqingfang na Pantang

Enning Lu ilikatwa 1931. Pande zake zote ni qilou, maduka ambayo ghorofa zake zimepita juu ya njia ya waenda kwa miguu na kusimama kwenye nguzo. Kanuni za mji za miaka hiyo zilimruhusu mwenye kiwanja kujenga juu ya njia ya miguu mradi aiache chini wazi kwa umma. Mji ulipata kivuli na kinga ya mvua, mwenye nyumba akapata chumba cha ziada. Usikilize nyundo pia, kwani wafua shaba wa hapa bado hugonga sufuria na mabirika mlangoni.

Wengi hutembea chini ya qilou na kudhani wameiona Xiguan. Qilou ni pazia. Vichochoro viko nyuma yake, na barabara yenyewe ilipitishwa kwa kuvikata. Angalia kati ya duka na duka, utaona midomo myembamba ya giza. Ingia.

Mpango wa kubomoa eneo kubwa nyuma ya Enning Lu ulianza kutekelezwa miaka ya 2000, na familia nyingi zilihamishwa. Upinzani ulikuwa mkubwa, ubomoaji ukakwama, na kipande kimoja, Yongqingfang, kikakarabatiwa badala ya kuvunjwa, kilifunguliwa 2016. Kazi yenyewe ina ya kujifunza. Kuta na mistari ya njia imebaki, mapaa yamejengwa upya, na ndani zimewekwa fremu za chuma zinazobeba mzigo ili ukuta wa zamani usibebeshwe tena. Katika Yongqing Yixiang namba 13 iko nyumba ya Li Haiquan, mwigizaji wa opera ya Kikantoni na baba yake Bruce Lee. Kwenye Enning Lu yenyewe, namba 177, kuna Bahe Huiguan, chama cha waigizaji hao kilichoanzishwa 1889.

Fika Yongqingfang kabla ya saa 3 asubuhi, baadaye hakuna nafasi ya kuona ukuta. Halafu tumia kipimo cha jana: tafuta mita za umeme za nyumbani, nguo zilizoanikwa, kitunguu kwenye kikapu cha dirishani. Utapata chache. Matofali yameokolewa vizuri, na hilo nalishukuru kwa dhati. Ila ni maduka ya kahawa yanayofungwa usiku, na kichochoro ambacho hakuna anayelala humo kimekuwa ukumbi wa maonyesho.

Nyuma yake fuata maji. Lizhiwan ni mfereji uliokuwa umefunikwa kuwa barabara na kufunuliwa tena 2010, muda mfupi kabla ya Michezo ya Asia. Ufuate kando ya ziwa la bustani ya Liwan hadi Pantang. Hapo kuna hekalu la Renwei, ambalo asili yake huhesabiwa kuwa 1052, na kando yake kijiji cha Pantang Wuyue. Yue ni kipande cha kijiji chenye lango na wakuu wake. Wuyue ni cha tano. Nyumba ni fupi, njia ni ya mabamba ya graniti. Kukanyaga bamba likilia kwa uwazi chini yako ni kawaida, kwani mfereji wa maji ya mvua hupita chini ya njia. Bamba lililotikisika usilikanyage ukingoni.

Pantang ilikuwa kijiji cha mabwawa, ikijulikana kwa mazao matano ya majini, mzizi wa yungiyungi ukiwa mmojawapo. Pale ambapo haijakarabatiwa, ni mahali pazuri pa kuona nyumba inavyokufa. Baada ya watu kuhamishwa, milango mingi ilizibwa kwa matofali. Kigae kimoja cha paa huteleza kwa upepo. Kwenye nyumba yenye watu, mtu angepanda kukirudisha siku hiyohiyo. Kwenye nyumba tupu mvua huingia polepole hadi pale mti wa paa unapozama ndani ya ukuta, sehemu isiyokauka. Mchwa hufuata unyevu. Ncha ya mti ikiliwa, mti hushuka na kusukuma tofali, na ukuta hupasuka kutoka juu kwenda chini. Tafuta ufa wa namna hiyo, mpana juu na mwembamba chini. Ukiuona usipite chini yake wala usiegemee. Ni kilekile kinachozitafuna nyumba za matumbawe pwani yetu pale warithi wanapogombana na paa likaachwa.

Herufi 拆 iliyochorwa kwa rangi ukutani ina maana ya kubomoa. Ukiiona, piga picha nyumba nzima, namba yake na kibao cha mtaa pamoja. Huenda ndiyo kumbukumbu itakayobaki.

Siku ya 3: Guangta Lu hadi Yide Lu

Siku hii ifanye Ijumaa kama wewe ni Muislamu. Shuka Ximenkou, laini ya 1. Msikiti wa Huaisheng uko Guangta Lu, na mnara wake laini, mweupe, wa mviringo, una urefu wa mita 36 hivi. Mapokeo huuhusisha msikiti na Saad ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Kaburi linalonasibishwa naye liko kaskazini, kwenye msikiti wa Xianxian, ambako swala ya Ijumaa huwakutanisha Waafrika na Waarabu wengi wa mji huu. Wakati wa nasaba ya Tang eneo la Guangta lilikuwa mtaa wa wageni, fanfang, wenye kiongozi wao, na mto ulikuwa karibu kiasi cha mnara kuongoza majahazi. Mto umesogea kusini kwa tope na ujenzi. Wageni hao walikuja na pepo za msimu zilezile zilizoleta majahazi Kilwa.

Kwenye vichochoro vya hapa majina ndiyo mabaki. Manao Xiang ni kichochoro cha akiki, jiwe la pete, na biashara hiyo imekwisha zamani. Nyumba zimechanganyika: za enzi ya Jamhuri ya China, miaka ya 1920 na 1930, za zege za miaka ya 1980. Shishu Lu ni karibu. Huko, Juni 2013, nyumba za Jinling Tai na Miaogao Tai zilivunjwa usiku ilhali zilikuwa zimeagizwa zisiguswe. Hasira ya wakazi ilikuwa kubwa, na tangu hapo orodha ya mji ya majengo ya kihistoria imekuwa jambo ambalo watu wa kawaida hulifuatilia. Vibao vya orodha hiyo viko ukutani, vingine vikiwa na msimbo wa QR.

Tembea kusini hadi Yide Lu. Kanisa kuu la graniti, lililojengwa 1863 hadi 1888, litakuongoza kwa minara yake. Vichochoro vya pembeni mwake ni maghala ya samaki wakavu na vichezeo. Baada ya saa 4 asubuhi mikokoteni ya chuma huingia kwa kasi, na msukumaji aliyebeba maboksi hadi juu ya kichwa hakuoni. Ukisikia sauti nyuma yako, bana ukutani kwanza, geuka baadaye.

Siku ya 4: Dongshan

Siku nyepesi. Shuka Dongshankou na utembee Xinhepu, Xuguyuan Lu na Peizheng Lu. Huu ni upande wa mashariki, na tofauti inaonekana hata kwa rangi: matofali mekundu, yaliyochomwa kwa hewa ya kutosha. Wachina waliorudi na fedha kutoka ng'ambo walijenga hapa kati ya miaka ya 1910 na 1930, nyumba za peke yake zenye bustani, nguzo na baraza la mbele. Kuiyuan, mojawapo ya nyumba hizo, ina mwaka 1922 juu ya paa lake. Jirani yake ndipo ulipofanyika mkutano mkuu wa tatu wa Chama cha Kikomunisti cha China, Juni 1923. Njia ni pana na tambarare, hutapotea. Wikendi hujaa wapiga picha za harusi, kwa hiyo njoo katikati ya wiki, hata ikibidi kubadili mpangilio wa siku, na angalia sakafu ya chini iliyoinuliwa kwa ngazi tano sita. Matundu yaliyo chini yake ni ya kuzuia unyevu wa huinantian usipande.

Siku ya 5: Shipai na Liede

Hivi vichochoro si vya kale, lakini safari isiyovipitia haijaona makazi ya Guangzhou. Mji ulipopanuka tangu miaka ya 1980 ulichukua mashamba ya vijiji, ukaacha viwanja vya nyumba mikononi mwa wanakijiji. Wasio na shamba tena walipanda kitu kingine: vyumba vya kupangisha. Kiwanja ni kidogo, basi ghorofa ya pili kwenda juu ilitokezwa nje ya msingi, na jirani naye akafanya hivyo. Huitwa woshoulou, nyumba za kupeana mikono, kwa kuwa dirisha kwa dirisha mnaweza kushikana. Waafrika waliopanga Dengfeng, nyuma ya Xiaobei, wameishi kwenye kijiji cha aina hii.

Shuka Shipaiqiao, laini ya 3, saa 10 alasiri, uone mchana kabla watu hawajarudi kutoka kazini. Pima chini, kisha elekeza tepu juu. Pale ambapo chini kuna mita 1 na nusu, juu pengine hakuna hata nusu mita, na mbingu ni mstari. Wenyeji husema yixiantian, mstari mmoja wa anga. Njia ni mbichi hata wakati wa kiangazi, kwa sababu viyoyozi vya pande mbili hutiririsha maji saa zote na jua halifiki kuyakausha. Tembea katikati. Pikipiki za umeme hazina sauti, na kwenye kona hupiga honi wanaojali tu. Hatari kubwa ni moto: betri huchajiwa chini ya ngazi, na ngazi ndiyo njia pekee ya kutoka. Kama unapanga kulala humu kwa bei nafuu, angalia hilo kabla ya kuangalia kitanda, na kumbuka kwamba mgeni asiyelala hotelini lazima ajiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Ukipotea, simama, tazama watu wengi wanaelekea wapi, wafuate. Kuanzia saa 12 jioni wote huenda kwenye njia pana zenye vyakula. Maandishi 此路不通 yana maana kwamba mbele hakuna njia. Na hapa kipimo cha mita za umeme kitakushangaza. Zimepangwa ukutani kwa makumi, zote zinafanya kazi. Wachache hufika Shipai kutafuta urithi, lakini ndani yake kuna fundi simu, mshonaji, mwanafunzi, mama anayekaanga, mtoto anayefanya mazoezi ya shule juu ya boksi. Kati ya maeneo yote ya siku tano, hapa ndipo pamejaa uhai kuliko pote, na ndipo panapotetewa kidogo kuliko pote.

Kisha panda laini ya 3 hadi Zhujiang Xincheng, badili laini ya 5, shuka Liede. Hiki kilikuwa kijiji cha namna hiyohiyo, na cha kwanza Guangzhou kubomolewa chote na kujengwa upya. Kilivunjwa 2007, na wenyeji wakarudi 2010 kwenye maghorofa marefu. Walipata fidia ya vyumba kadhaa. Wapangaji, ambao walikuwa wengi, hawakurudi. Kumbi za koo zimejengwa upya kando ya mfereji, matofali ya kijivu chini ya vioo vya minara.

Shuka hadi ukingoni mwa mfereji taa zikiwa zimewaka. Katika vijiji vya Guangzhou mashua ndefu za joka, zinazoshindanishwa mwezi wa tano wa kalenda ya mwezi, zile za zamani hutengenezwa kwa kundian, mti uleule wa fito za tanglong. Msimu ukiisha hazipandishwi nchi kavu, kwa kuwa jua huzipasua. Huzamishwa na kuzikwa kwenye tope la mfereji, mahali ambapo hewa haifiki na mti hauozi, na mwaka unaofuata vijana huingia majini hadi kiunoni, wanalifukua tope kwa mikono, na kuziinua.